Mlango Haupimwi kwa Cc

Katika orodha ya istilahi za magari iliyokusanywa na wenzangu muhula uliopita kuna mstari mmoja ambao siwezi kuuacha upite. Unasema kwamba geti la taka ni kifaa kidogo cha kutupia moshi usiohitajika katika injini yenye turbo, na kwamba ukubwa wake hutegemea ukubwa wa injini. Maneno hayafiki ishirini, na karibu kila moja linamdanganya msomaji. Moshi huo si taka. Kifaa si lazima kiwe kidogo. Na ukubwa wa injini, kama tunavyousoma kwenye kadi ya gari, ni kipimo kibaya kabisa cha kuchagulia kifaa hicho.

Nilipoyasema haya kwenye semina nilijibiwa kwa upole kwamba hayo ni mambo ya wahandisi. Kazi yetu sisi ni maneno. Mwalimu aliyenijibu namheshimu, na shikamoo yangu haijapungua, lakini jibu lake nalikataa. Neno likimwongoza fundi kununua kifaa kisichofaa, kosa hilo ni letu sisi tuliolitunga neno, na mhandisi hahusiki.

Kwanza tukubaliane kifaa kinafanya nini. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Ya pili inavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini kwa presha. Hewa ikiwa nyingi na mafuta yakawa mengi, nguvu inaongezeka. Nguvu ikiongezeka, moshi unakuwa mwingi zaidi. Moshi ukiwa mwingi, feni inazunguka kwa kasi zaidi. Mduara huo ukiachwa hivyo haujui kuacha. Presha itapanda mpaka kitu kipasuke. Westigeti, kama mafundi wanavyoiita, ni mlango uliowekwa kabla moshi haujafika kwenye feni. Presha ya hewa ikifikia kiwango kilichopangwa, mlango unafunguka na sehemu ya moshi inapita pembeni, bila kuigusa feni, ikaungane na ekzosi mbele ya safari.

Moshi unaopita mlangoni na ule unaopita kwenye feni umetoka kwenye injini ileile ukiwa na joto lilelile. Hauepushwi kwa sababu ni mchafu. Unaepushwa kwa sababu una nguvu kuliko tunayoihitaji wakati huo. (Wapo pia wanaoichanganya westigeti na ile vali nyingine inayotoa mlio wa “pshaa” dereva anapoachia mafuta. Ile iko upande wa hewa na kazi yake ni nyingine. Vijana wengi wanaipenda kwa sababu ya mlio tu, na hilo tuwaachie.)

Waliolima mpunga mabondeni watanielewa upesi. Mto una maji yaleyale. Anayetaka maji mengi yaingie kwenye majaruba yake anaweza kutosheka na kamfereji kadogo ka kutolea ziada. Anayetaka maji kidogo tu ndiye anayelazimika kuchimba mchepuo mpana, kwa sababu karibu mto mzima inabidi upite pembeni. Akichimba mwembamba, maji yatamfuata shambani apende asipende, na kufungua mchepuo wote hakutamsaidia kitu, umeshafunguka wote.

Westigeti ni vivyo hivyo, na hapo ndipo inapotoka kanuni inayowashangaza wengi: kwa injini ileile na turbo ileile, anayetaka presha ndogo anahitaji mlango mkubwa kuliko anayetaka presha kubwa. Na kwa presha ileile, turbo yenye nyumba ndogo upande wa moshi inahitaji mlango mkubwa kuliko turbo yenye nyumba kubwa, maana nyumba ndogo inakamua nguvu nyingi mapema, na ziada yote lazima itafutiwe njia. Orodha yetu haina hata neno moja kuhusu presha inayotakiwa wala kuhusu turbo iliyofungwa. Imetaja injini tu, tena ukubwa wake tu.

Sasa niseme kwa nini mstari huu umenikera kiasi hiki.

Kwetu ni rasi ya Afungi, kusini ya ghuba ya Palma, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado. Vijiji vilivyokuwa ndani ya eneo la mradi wa gesi vilihamishiwa Quitunda, cha kwetu kikiwemo. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walitawanyika: wengine walijazana Quitunda, wengine walipelekwa Pemba kwa meli, wengine walishika njia ya Ruvuma. Kijana mmoja tuliyekua naye, fundi wa magari, yuko Mtwara tangu wakati huo. Anazungumza Kimwani, Kiswahili, na Kireno cha kuombea spea. Kiingereza hana.

Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti. Mteja alikuwa amemletea Mazda RX-8 iliyonoki, pamoja na injini ya mtumba ya RX-7 kutoka Japani, ile inayoitwa 13B, na turbo moja badala ya zile mbili za kiwandani. Mteja alitaka gari litembee kwa presha ya chini, kama 0.7 ya baa, kwa kuwa hakujua injini hiyo imetumika kiasi gani huko ilikotoka. Muuza spea alikuwa ameshamshauri: injini yenyewe ni cc 1300, presha yenyewe ndogo, basi chukua westigeti ya milimita 38, inatosha na chenji inabaki. Fundi moyo haukumkubali. Akaniuliza mimi, msomi wa Kiswahili: “Wewe ndugu yangu uko chuoni. Kitabu kinasemaje?”

Kitabu cha Kiswahili kinachosema hakipo. Kilichokuwepo ni orodha yetu, nayo inasema maneno yaleyale ya muuza spea.

Tuichukue basi hiyo 13B, kwa sababu ndiyo injini inayoyaumbua mawazo haya haraka kuliko nyingine zote. Haina pistoni. Ina rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyovimba ubavuni, zinazozunguka ndani ya nyumba zake. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel. Mazda walianza kuuza gari la rota mbili, Cosmo Sport, mwaka 1967, wakaendelea na ukoo huo; RX-7 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2002. Kila rota ya 13B inahesabiwa kuwa na cc 654, na mbili zinafanya cc 1308. Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye kadi, na ndiyo aliyoiona muuza spea.

Lakini cc hizo hazihesabiwi kama za pistoni. Injini ya kawaida ya pistoni inahitaji shafti izunguke mara mbili ndipo kila silinda ivute hewa mara moja. Kwenye rota, shafti ikizunguka mara moja tu, kila rota imeshavuta cc 654 zake. Fanyeni hesabu. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, injini ya pistoni ya cc 1308 inavuta kama lita 4,578 za hewa kwa dakika, bila kuhesabu turbo. 13B inavuta lita 9,156. Kwa upande wa hewa na moshi, gari hilo ni la cc 2600, lakini limevaa namba ya kigari cha kwendea sokoni. Forodha ya Tanzania, inayopanga ushuru kwa kufuata cc, inaipokea namba hiyo kama ilivyo. Serikali ya Japani, inayoijua injini yake, huzizidisha cc za rota kwa 1.5 inapopanga kodi ya magari. Wenye injini yao hawaiamini namba ya kwenye kadi. Sisi tunaiamini na kuiandika kwenye istilahi.

Moshi wenyewe nao una tabia yake. Rota haina vali za kutolea moshi; ncha ya rota inapita juu ya tundu na tundu linafunguka ghafla, mafuta yakiwa hayajamaliza kuwaka vizuri. Moshi unatoka kwa kishindo na kwa joto kali. Kupita nyuzi 900 za Selsiasi si jambo geni kwenye injini hizi zikibanwa. Moshi wa namna hiyo ukiingia kwenye turbo unaizungusha kama kimbunga kinavyozungusha pangaboi. Ndiyo sababu waendeshaji wa RX-7 duniani kote wanalijua tatizo la presha kutambaa. Hata gari la kiwandani, ukilivua kichujio cha ekzosi na kuliwekea bomba pana, presha inaanza kupanda yenyewe juu ya kiwango, kwa kuwa nyuma ya feni hakuna tena kizuizi na mlango wa kiwandani ulipimwa kwa ekzosi iliyobanwa. Wengi huivua turbo na kulipanua tundu la mlango kabla hawajagusa kitu kingine chochote.

Presha kutambaa maana yake ni hii: umepanga 0.7. Gari linafika 0.7 kwenye mizunguko 3,500, mlango unafunguka. Unaendelea kukanyaga, mlango uko wazi wote, lakini moshi umeongezeka kuliko mlango unavyomeza, na sindano ya geji inaanza kupanda tena: 0.8, 0.9, 1.0. Huna kidhibiti cha kuishusha. Kifaa cha umeme cha kudhibiti presha, ambacho vijana wanakiona kama mganga, kinaweza kuipandisha presha juu ya kiwango cha springi. Kuishusha chini ya springi hakiwezi, wala hakiwezi kuufungua mlango zaidi ya wazi.

Kwenye injini ya pistoni unaweza kusikia kengele kwanza: injini inagonga, unaachia mafuta, huenda ukapona. Kwenye rota huenda usipewe nafasi hiyo. Kila ncha ya rota ina sili nyembamba ya chuma inayoteleza ukutani. Presha ikizidi ile iliyopangiwa mafuta, mchanganyiko unakuwa na hewa kupita kiasi, unalipuka kabla ya wakati wake, na sili inavunjika kama kigae. Vipande vinatoka na moshi na kuzipiga blade za turbo. Mteja aliyeokoa chenji kwenye mlango analipia injini na turbo siku hiyohiyo. Na fundi mgeni, aliyefika Mtwara na begi moja, anapoteza jina alilolijenga kwa miaka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mizani pale mtu aliponiuliza kitabu kinasemaje.

Nilijifunza nilichoweza kutoka vitabu vya Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili. Sitajifanya mhandisi, lakini hesabu ya eneo la duara tumeisoma wote. Mlango wa milimita 38 una eneo la karibu milimita za mraba 1,134. Wa 44 una 1,520. Wa 50 una 1,963. Wa 60 una 2,827. Angalieni namba zinavyokwenda: kutoka 38 hadi 50 ni milimita 12 tu kwa macho, lakini njia imekuwa pana kwa zaidi ya asilimia 70. Milango miwili ya 44 inatoa 3,041, zaidi ya mmoja wa 60. Ndiyo maana wanaofunga turbo moja kwenye 13B kwa presha ya chini huchukua mmoja wa 60, au miwili ya 44 na kuendelea. Mlango mmoja wa 38 kwa kazi hiyo ni kamfereji kadogo kwenye mto uliofurika.

Wanaotetea mlango mdogo wana hoja zao, na si zote ni za kijinga. Ya kwanza husema mlango mkubwa unachelewesha turbo kuamka. Hii nilidhani ni uzushi mtupu, kwani mlango ukiwa umefungwa, ukubwa wake unamhusu nani? Ila ina chembe ya ukweli. Moshi unausukuma mlango kutoka upande wake, na mlango mpana unatoa uso mpana wa kusukumwa. Kama springi ni laini, utaanza kuachia kabla ya wakati. Tiba yake ni springi na kiwambo vinavyolingana na mlango huo. Kuukata mlango uwe mdogo kwa sababu hiyo ni sawa na kuziba dirisha kwa sababu bawaba imelegea.

Hoja ya pili ni kwamba mlango mkubwa haudhibitiki kwa ulaini. Ukifunguka kidogo tu unaachia moshi mwingi, presha inayumba. Kweli, inaweza kuyumba. Lakini hayo ni makosa mawili ya uzito tofauti. Mlango ukizidi ukubwa, unapata presha inayotikisika, na unarudi kwenye springi na mipangilio. Ukipungua, unapata presha isiyoshikika, na unarudi dukani kununua injini. Asiyeijua vizuri turbo yake na akose upande wa mlango mkubwa.

Hoja ya tatu ni ya pesa, na hiyo siibezi, maana mimi ni mtoto wa watu wanaoijua pesa kwa kuikosa. Ila bei ya mlango ipimwe dhidi ya bei ya 13B nyingine na kontena la kuileta.

Kuna jambo moja ambalo hata wapenzi wa milango mikubwa hulisahau, nami nililisisitiza kwa fundi kuliko namba zote. Upana wa mlango haufanyi kazi usiponyanyuka vya kutosha. Sahani ya vali inapojiinua, moshi unapita kwenye ule mwanya wa kuzunguka ukingo wake. Ili mwanya ulingane na tundu, sahani inatakiwa inyanyuke robo ya kipenyo: milimita 9.5 kwa mlango wa 38, milimita 15 kwa wa 60. Mlango wa 60 ulionyanyuka milimita 5 tu una mwanya wa 942, mdogo kuliko tundu la 38 ulilolikataa. Na mahali ulipowekwa ni nusu ya ukubwa wake. Ukichomelea bomba la mlango kwa pembe mraba nyuma ya manifoldi, mahali ambapo moshi inabidi ugeuke ndipo uuone, moshi hautageuka. Utanyooka kwenda kwenye feni kama ulivyozoea. Bomba litoke kwa mlalo, likifuata mwelekeo wa moshi, mahali ambapo mikondo ya rota zote mbili imeshakutana. Kama turbo ni ile yenye nyumba iliyogawanywa na kila rota ina mkondo wake, basi mikondo yote miwili ipewe njia, la sivyo utapunguza mmoja na mwingine uendelee kusukuma.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Ondoa kifaa cha umeme, acha springi peke yake, panda gia ya tatu mahali pa wazi na salama, mwenzako aangalie geji. Presha ikifika kwenye springi na kusimama hapo hadi juu, mlango unatosha. Ikiruka kidogo kisha ikarudi, tatizo ni udhibiti. Mlango hauna hatia. Ikifika, ikatulia, halafu ikaanza kupanda taratibu kadiri mizunguko inavyoongezeka, achia mafuta hapohapo na urudi gereji. Mlango au bomba lake ni dogo.

Huenda mtu aseme: rota ni gari la wachache, la nini kupiga kelele zote hizi? Basi tuache rota twende kwenye barabara ya mchanga kutoka Palma kwenda Mocímboa da Praia. Huko kuna Hilux Surf za dizeli, zile zenye injini ya 1KZ-TE na turbo ya kiwandani, zinazobeba saruji, samaki, na abiria juu ya samaki. Nimewaona mafundi wakiifunga fimbo ya westigeti kwa waya ili mlango usifunguke kabisa. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwa maneno yenye mantiki yake: ule mlango unatupa nguvu, tumeuzuia usitupe. Injini hiyo ina sifa ya kupasuka kichwa ikipata joto kupita kiasi, na wanaipa joto lenyewe. Mtu akishaambiwa kwamba kifaa ni cha kutupia, kukiziba kunakuwa busara ya kubana matumizi. Sisi, kwa kutafsiri neno la Kiingereza kipande kwa kipande na kupata “geti la taka”, tumeubariki waya ule. Waingereza waliita walivyoita kwa sababu zao. Hatukulazimika kuurithi upotoshaji wao pamoja na mashine.

Na linaloniuma zaidi ni mahali. Hapohapo Afungi, kwenye ardhi tuliyokuwa tukivulia pweza pembeni yake, umepangwa mtambo wa mistari miwili ya kugandisha gesi, wenye uwezo wa takriban tani milioni 13 kwa mwaka. Mtambo wa namna hiyo hauwezi kuwepo bila vali za kuokoa presha na mnara wa kuchomea gesi ya ziada. Wanaopima vali hizo hawaulizi tangi lina ukubwa gani kisha wakaishia hapo. Wanauliza: siku mambo yakiharibika kuliko siku zote, ni gesi kiasi gani italazimika kutoka, na kwa kasi gani? Kipimo kinafuata kile kitakachopita, katika siku mbaya kuliko zote. Ndilo swali lilelile la fundi wangu, limekuzwa mara elfu. Upande mmoja wa uzio swali hilo lina majedwali na wataalamu. Upande wa pili, kwa lugha anayoizungumza mtu aliyezaliwa pale, lina mstari mmoja, na mstari wenyewe umekosea.

Mwaka 2019 SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, iliipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Kila tarehe 7 Julai tunavaa kanga na kanzu, tunasoma mashairi, tunasema Kiswahili ni lugha ya sayansi. Sina ugomvi na mashairi. BAKITA ipo tangu 1967, na mwaka 1990 TUKI walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kazi ya watu walioelewa kwamba istilahi huanza na kukijua kitu. Sisi tumegeuza utaratibu: tunaanza na neno la Kiingereza, tunalivunja, tunatafsiri vipande, kisha tunakitungia kitu maelezo yatakayolingana na vipande vyetu. Kama kipande kimoja ni “taka”, basi moshi utakuwa taka, na ukweli utajijua wenyewe.

Napendekeza neno “vali ya mchepuo”. Mchepuo wa barabara kila dereva anaujua: njia ya pembeni unayopitishwa ili usipite pale palipo na kazi. Moshi nao unafanya hivyo. Najua kuna watakaocheka kwa sababu ya “mchepuko” wa mitaani, na wacheke. Neno likichekesha halisahauliki. Mafundi wakiendelea kusema westigeti, nalo ni sawa, ni neno lao na halidanganyi mtu. Kinachotakiwa kufutwa ni “taka”, “kidogo” na “ukubwa wa injini”. Maelezo yaseme: vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi kiwango, ukubwa wake hufuata wingi wa moshi unaotakiwa kupita pembeni, nao huongezeka kadiri presha inayotakiwa inavyokuwa ndogo. Ni maneno machache kuliko tunayotumia kumshukuru mgeni rasmi.

Fundi alichukua miwili ya 44. Geji ilisimama kwenye 0.7 na haikuondoka hapo hadi mizunguko 7,000. Juzi amenitumia swali jingine: kile kipande cha bomba kinachotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye vali kinaitwaje, ili amwandikie mchomeleaji kwenye karatasi, na kiwe na mlalo wa kiasi gani. Mlalo nimeshamwambia. Jina bado natafuta, na mwenye nalo anipe.